Neno Lililoliwa na Panya

Land Rover ya ofisi ya elimu ilipanda mlima wa Kilema Jumanne asubuhi na kusimama mbele ya shule. Mwalimu Redempta alikuwa ubaoni akifundisha darasa la tano, na hakugeuka. Mwaka ule wa 1983, gari la serikali likisimama mahali, watu walikuwa wamejifunza kuendelea na shughuli zao kana kwamba hawakulisikia. Walanguzi walikuwa wakisakwa kila pembe, na mtu aliweza kulala ndani kwa miche mitano ya sabuni iliyokutwa chini ya kitanda chake.

Nusu saa baadaye gari liliondoka, na Mwalimu Mkuu Wenseslaus akaja mlangoni. Hakuingia. Alimwita kwa kidole, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwalimu mwenzake mbele ya wanafunzi.

"Matokeo ya darasa la saba yamezuiwa," alisema walipofika mwisho wa baraza. "Yetu na ya shule tatu za jirani. Wanasema mtihani wa Kiingereza umeibwa."

"Umeibwa na nani?"

"Ndilo wanalotaka kulijua. Watoto mia moja sitini na tatu, shule nne mbalimbali, wameandika kosa moja, herufi kwa herufi. Wasahihishaji wanasema kosa la namna hiyo halijizushi lenyewe. Yupo mtu aliyewagawia majibu, na mtu huyo mwenyewe Kiingereza hakijui."

"Kosa gani hilo?"

Mwalimu Mkuu alitoa kipande cha karatasi mfukoni. Palikuwa na sentensi mbili: kila siku Mary huteka maji, jana Mary alifanya nini? Na katika nafasi iliyoachwa wazi, mahali pa neno *fetch* katika wakati uliopita, palikuwa pameandikwa *faught*.

Redempta aliisoma mara mbili.

"Mimi sioni kosa, Mwalimu Mkuu."

Wenseslaus alikikunja kile kipande cha karatasi. "Bwana Elifuraha wa ofisi ya elimu anasema neno hilo halipo. Wala si la Kiingereza cha zamani, wala cha sasa. Anasema ni *fetched*."

 Hapo ndipo Redempta alipoiona tena akilini pembe ya ukurasa wa kitabu, imetafunwa kama mkate, na mkono wake mwenyewe ukiwa na kalamu.

*

Kitabu kilikuwa kimoja. Zamani vilikuwepo vitano kwa watoto arobaini, kisha vitatu, kisha kikabaki kimoja kisicho na jalada, na ofisi ikawa inajibu kila barua kwa maneno yale yale: subirini. Redempta hakusubiri. Aliomba madaftari makubwa matatu misheni, na kwa likizo mbili nzima alikinakili kitabu chote, somo kwa somo, hata picha. Chungu alikichora, ng'ombe alimchora, treni aliichora ingawa ilitoka kama nyumba ndefu yenye magurudumu. Shule tatu za jirani zilipopata habari, walimu wao walikuja kuazima na kunakili. Watu wakakiita Kitabu cha Redempta, na yeye hakuwakataza.

Lakini katika ukurasa wa vitenzi vya wakati uliopita, panya alikuwa amepita kabla yake. *Teach* ilikuwepo na *taught* yake. *Catch* ilikuwepo na *caught* yake. Chini yao *fetch* ilibaki peke yake, mwenzake ameliwa.

Siku mbili Redempta aliuacha mstari ule wazi. Angeweza kumuuliza padre, lakini Jumapili iliyotangulia padre alikuwa amemsimamisha kanisani na kusema, huyu ndiye Kiingereza chetu hapa Kilema. Utamwendeaje mtu huyo huyo Jumanne na kumwambia hujui kuteka maji jana? Basi akafanya hesabu kichwani. Kama *catch* ni *caught*, na *teach* ni *taught*, mdogo wao atakuwa nani? Akaandika. Lilikaa vizuri, hata mdomoni lilikaa vizuri. Kwa miaka mitano watoto waliliimba pamoja na ndugu zake, wakipiga makofi.

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Mektrida, ameshafika kutoka sokoni na kikapu chake bado kimefungwa.

"Mama Flavia, nimesikia neno huko," alisema yule mzee bila kungoja salamu iishe. "Wanasema kuna mwalimu ameuza mtihani. Wengine wanasema ni mwanamke. Ruwa, Mungu wangu! Ni kweli?"

"Hakuna aliyeuza kitu, mama."

"Basi mbona Bernadetha hakuniachia nafasi pale kwenye ndizi? Miaka yote tunakaa pamoja. Leo ametandaza majani yake mpaka pangu."

 Bernadetha alikuwa jirani yao wa mpaka mmoja, na mwanawe Sirili alikuwa amefanya mtihani huo pamoja na Flavia. Kutoka shule zote nne, mwaka mzuri walikwenda kidato cha kwanza watoto saba au wanane. Mwaka huu asingekwenda hata mmoja. Na mtoto wa darasa la saba harudii; akikosa, amekosa maisha.

Flavia alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe migomba. Alimwamkia mama yake, "Shikamoo, mama," akaupokea mfuko wa madaftari, na hakuuliza lolote. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Redempta alimtazama akienda na mfuko ule, akafikiri: huyu naye nimemlisha neno lile lile.

Jumamosi mumewe, Evaristo, alipanda kutoka kiwanda cha sukari kule bondeni, alikokuwa karani wa mizani. Habari ilikuwa imemfikia kabla hajashuka kwenye gari. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kofia ikiwa magotini.

"Mwalimu Mkuu anasemaje?"

"Anasema Jumatatu tukiitwa Moshi niseme nilinakili kama nilivyokuta. Niseme neno lilikuwemo kitabuni, panya akaja baadaye. Eti panya hawezi kuitwa shahidi."

"Ana akili."

"Baba Flavia!"

"Nasema ana akili. Wewe unafikiri ukisema nilibuni, watakupa asante? Mwaka huu, Redempta? Kule kiwandani wamemchukua mtu kwa kilo sita za sukari aliyopewa na kiwanda chenyewe. Kosa lako ni la shule nne. Wakitaka kuliita hujuma wataliita hujuma."

"Na wakienda kutafuta kitabu kizima mahali pengine? Mkoa mzima hakikosekani hata kimoja. Watakifungua, watalikuta neno la kweli, na mimi nitakuwa mwongo mara mbili. Tena watasema, kama neno halikutoka kitabuni, limetoka kwa mwizi. Watoto watapotea wote."

Evaristo aliigeuza kofia yake. Alikuwa mtu mwema, lakini hofu ilikuwa imemkamata mahali pabaya.

"Mimi nimekwambia nilichonacho," alisema hatimaye. "Kazi ni yako, na jina ni la kwetu sote."

*

Ofisi ya elimu ilikuwa na benchi moja refu nje ya mlango. Walimu watatu wa Kiingereza wa shule za jirani walifika mapema wakakaa upande mmoja. Redempta alipokaa, yule wa karibu alijisogeza, na wenzake nao wakajisogeza, mpaka ikabaki nafasi ya kutosha watu wawili katikati. Wenseslaus alisimama dirishani kama mtu asiyefuatana na yeyote. Walingoja tangu saa mbili mpaka saa sita kasoro. Tarishi alipita na chai mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa ya ndani.

Bwana Elifuraha alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Hakupiga kelele. Aliwauliza walimu watatu mmoja mmoja neno lile walilitoa wapi, na kila mmoja akajibu, kwa Redempta.

"Na wewe, Mwalimu Redempta, ulilitoa wapi?"

Mwalimu Mkuu alikohoa. Redempta alisikia kikohozi kile na kukielewa.

"Nililitunga, mzee."

"Ulilitunga?"

"Ukurasa ulikuwa umeliwa na panya. Nikalijaza kwa kulinganisha na yaliyokuwa juu yake. Sikumuuliza mtu. Watoto hawakuiba kitu, mzee. Waliandika nilichowafundisha."

Bwana Elifuraha alimpa chaki na kumwonyesha ubao mdogo ukutani. "Tuandikie hesabu hiyo ya kulinganisha."

Akaenda. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu wa miaka kumi na sita, alisimama mbele ya wenzake na kuandika maneno sita, jozi tatu. Nyuma yake mmoja wa wale walimu alicheka puani. Alipomaliza hakujua aiweke wapi ile chaki, akabaki nayo mkononi.

"Ningekuamini," alisema Bwana Elifuraha, "kama si jambo moja. Watahiniwa wa shule zenu hawakuwa mia moja sitini na tatu. Walikuwa mia moja sitini na nne. Mmoja aliandika sahihi." Akafungua jalada, akaweka kidole. "Flavia Evaristo. Huyu ni nani kwako?"



"Ni mwanangu," alisema Redempta.

"Basi nieleze, mwalimu. Watoto wa watu uliwafundisha kisichokuwepo, wako ukamfundisha kilichopo?"

"Sikujua, mzee. Ndiyo kwanza nasikia."

"Hata mimi ningesema hivyo." Alifunga jalada. "Keshokutwa, Jumatano, umlete. Na hicho kitabu kilicholiwa, na hayo madaftari. Msipokuja, nitapeleka karatasi hizi polisi, wao ndio wataulizana na panya."

*

Njia nzima ya kurudi, kupitia Himo na kuupanda tena mlima, Redempta alikuwa na swali moja kifuani. Alipofika hakuingia ndani. Alipitiliza shambani, akamkuta Flavia anachuma kahawa, kikapu kimefungwa kiunoni.

"Uliandika nini kwenye swali la Mary na maji?"

Mikono ya msichana ilisimama. Hakujifanya hakuelewa.

"Niliandika *fetched*, mama."

"Nani alikufundisha?"

"Sista Salvina wa zahanati. Hakunifundisha, alinipa kitabu cha hadithi nilipokuwa nakwenda kufungwa kidonda cha mguu. Neno lile nililiona mle. Nikadhani wamekosea kuchapa. Nikamwomba kamusi, nikaangalia."

"Lini?"

"Darasa la sita. Mwezi wa tatu."

Redempta alihesabu. Mwaka mmoja na nusu. Mwaka mmoja na nusu mtoto huyu alikaa dawati la pili akimtazama mama yake akiwaimbisha watu wazima wa kesho neno la panya.

"Na ulikuwa unaimba pamoja na wenzako?"

"Niliimba."

"Kwa nini hukuniambia, Flavia? Mimi mama yako!"

"Ningekuambiaje?" Sauti ya msichana ilipanda. "Darasani wewe ni mwalimu, siwezi kusimama nikasema mwalimu amekosa. Nyumbani wewe ni mama. Na bibi anawaambia watu wote wewe ndiye uliyeandika kitabu. Nikatafuta siku nzuri ya kukuambia. Kila siku nikaona si leo."

Aliuangalia mkahawa, si uso wa mama yake.

"Kwenye mtihani niliruka swali hilo. Nikafanya mengine yote, nikarudi. Nikaandika la kwako. Nikafuta. Nikaandika la Sista. Nilipotoka nje niliona kama nimekusema vibaya kwa watu, mama. Nikajificha nyuma ya choo. Sirili aliniona."

Redempta alitaka kumzaba kofi, akataka kumkumbatia, na mikono yake haikufanya lolote kati ya hayo mawili. Alizunguka upande wa pili wa mkahawa ule ule na kuanza kuchuma. Walichuma mpaka wakaumaliza, kisha wakahamia mwingine. Walipokuwa kwenye wa tatu, alisema:

"Keshokutwa utayasema hayo hayo mbele ya watu. Usipunguze kitu ili kunifichia."

"Watakufukuza?"

"Sijui."

*

Jumatano Bwana Elifuraha alimtoa Redempta nje na kubaki na mtoto. Kutoka kwenye benchi Redempta alisikia sauti mbili, moja nzito na moja nyembamba, asipate neno hata moja. Alisali, akasahau katikati alipofikia, akaanza tena. Kuna wakati sauti nyembamba ilinyamaza kwa muda mrefu, na yeye akasimama, akakaa.

Alipoitwa, aliona kitabu kisicho na jalada kimefunguliwa mezani, na daftari lake kando yake. Bwana Elifuraha alikuwa ameuinua ukurasa ule mbele ya dirisha, akitazama ukingo wenye alama za meno. Macho ya Flavia yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amekaa wima.

"Nimempa jozi kumi nyingine kutoka kwenye hilo daftari lako azilinganishe na kitabu," alisema yule ofisa. "Tisa ni sahihi. Moja umeruka herufi. Kwa mtu aliyenakili kurasa mia moja na arobaini kwa mkono, si mbaya." Alivua miwani, akaishika kwa uangalifu pale penye plasta. "Mtoto amenieleza habari ya kamusi, nami nimemwamini. Nitaandika kwamba hakuna wizi. Swali hilo wamelikosa, basi; mengine yahesabiwe. Wewe utapata barua ya onyo, na Kiingereza hutafundisha tena mpaka uambiwe."

"Asante, mzee."

"Sijamaliza. Utapita shule zote nne, darasa kwa darasa, ukalifute neno hilo mwenyewe mbele ya wanafunzi, na ueleze lilivyoingia. Walimu wao watatia sahihi kwamba umefika."

Redempta aliitikia kwa kichwa. Yule ofisa alichukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akasita.

"Ofisi hii ilipaswa kukupelekea vitabu arobaini," alisema bila kuinua macho. "Hilo halina mahali pa kuandikwa katika fomu hii."

*

Matokeo yalitoka Desemba. Kutoka shule nne walichaguliwa watoto sita, na Flavia alikuwa mmoja wao. Sirili hakuwemo. Hakuna mtu aliyeambiwa alama zake, hivyo hakuna aliyejua kama swali moja lilikuwa limemwangusha au la, lakini Bernadetha alijua. Alijua kwa moyo wote. Alipokutana na Redempta kwenye njia ya mfereji, alimpisha mpaka akakanyaga maji ili nguo zao zisigusane. Redempta alimsalimia. Salamu ilibaki pale njiani.

Evaristo alimwambia asihuzunike, watu husahau. Mama Mektrida alisema watu wa Kilema hawasahau hata deni la pombe ya mbege la babu zao, afadhali azoee. Flavia alikuwa anashona sketi yake ya sekondari kutokana na sketi ya mama yake, na kila alipoijaribu aliiweka haraka ndani ya sanduku, kama mtu anayeficha kitu cha kuokota.

Shule zilipofunguliwa Januari, Redempta alianza safari yake ya adhabu. Shule ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Alisimama mbele ya darasa la saba jipya, akaeleza habari ya panya, akafuta, akaandika, na watoto wakatazama sakafu kwa kumwonea aibu. Ya pili ilikuwa rahisi kidogo. Ya tatu mwalimu wake alitoka nje na kukaa kwenye nyasi mpaka alipomaliza, kisha akatia sahihi bila kumtazama.

Ya nne ilikuwa juu kabisa, karibu na msitu, na ukungu ulikuwa umeingia mpaka darasani. Watoto wa darasa la sita walisimama wote pamoja. "Shikamoo, mwalimu!" Akawaambia wakae. Akaeleza kama alivyoeleza kwingine. Kwa mara ya nne maneno yalikuwa yameanza kumtoka yenyewe. Akaandika *fetched* kwa herufi kubwa, akawaambia waliseme, wakalisema. Alikuwa tayari anafungua karatasi ya sahihi wakati msichana mmoja mwenye sweta lililotoboka viwiko aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Yaliyomo kwenye daftari. Yote ni ya kweli?"

Mwalimu wa darasa lile alimkaripia. "Dominika! Kaa chini! Unamuuliza mtu mzima hivyo?"

Redempta alimzuia kwa mkono. Alilitazama daftari lililokuwa mezani, nakala ya nakala yake, lenye mwandiko wa mtu mwingine na chungu kilichochorwa upya, na treni ambayo sasa ilikuwa imeota madirisha. Alitaka sana kusema ndiyo. Watoto walitaka sana aseme ndiyo. Aliyaona macho yao. Bila hiyo ndiyo wangesoma nini kesho?

"Sijui," alisema. "Siwezi kukuapia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa darasa aligeukia dirisha. Redempta alitamani mlango, lakini aliiweka karatasi ya sahihi chini.

"Yupo kati yenu," aliuliza, "aliyewahi kuona neno mahali pengine, kanisani, kwenye gazeti, kwenye kopo la dawa, likawa halifanani na tulivyomfundisha? Akanyamaza? Hatapigwa. Mimi ndiye nauliza."

 Ukungu uliendelea kuingia kwa dirisha lisilo na kioo. Watoto walitazamana, wakamtazama mwalimu wao, wakatazama tena madawati yao, na Redempta akaanza kufikiri kwamba hakuna.

Kisha nyuma kabisa, karibu na ukuta, mkono mmoja ulipanda nusu. Ukashuka. Ukapanda tena, sasa umenyooka. Na kabla hajamuuliza mwenye mkono huo jina lake, upande wa dirishani ulipanda wa pili.